Ruhusa ya hakimiliki haigeuzi tangazo kuwa makala: tuzungumze kuhusu maandishi yanayobandikwa Wikipedia ya Kiswahili

Mleta uzi

Wadau, salaam. Nimekuwa nikihariri Wikipedia ya Kiswahili kwa miaka kadhaa sasa, na kazi ninayoifanya zaidi ni kupitia ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni nyakati za usiku, nikizisoma makala mpya moja moja kabla hazijazama chini ya orodha. Nimeleta uzi huu kwa sababu ya jambo linalojirudia kila wiki, ambalo linawaumiza wanaoandika na kutuchosha tunaosafisha. Kwa maoni yangu chanzo chake ni kwamba tunachanganya maswali mawili ambayo kila moja lina jibu lake: maandishi haya ni mali ya nani, na je, haya ni maandishi ya kamusi elezo?

Nianze na tukio lenyewe. Usiku mmoja ulitokea ukurasa mpya kuhusu chuo fulani ambacho sitakitaja. Akaunti iliyouanzisha ilikuwa imefunguliwa dakika chache kabla, na jina la mtumiaji lilikuwa jina la chuo chenyewe. Makala ilikuwa ndefu kuliko makala nyingi tulizonazo kuhusu wilaya nzima. Ilianza kwa maneno "Karibu katika chuo chetu", ikafuata nasaha za mkuu wa chuo, kozi, ada kwa awamu na namba tatu za simu za udahili, na katikati ya aya mbili palikuwa na maneno "Soma zaidi" na "Bofya hapa" ambayo aliyenakili aliyabeba pamoja na mengine bila kuyaona. Mstari wa mwisho kabisa ulisema "Haki zote zimehifadhiwa". Maandishi yenyewe yalikuwa yakitamka kwamba hayana ruhusa ya kuwa pale.

Niliweka kigezo (ujumbe ulioandaliwa tayari) cha kuomba ufutaji, mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka ya kufuta kurasa, akaufuta ukurasa, na kesho yake ukarudi. Ukafutwa, ukarudi tena. Baada ya mara ya nne nilipata ujumbe wa adabu kwenye ukurasa wangu wa majadiliano kutoka kwa mtumishi wa chuo hicho aliyekuwa ameagizwa na wakubwa wake: uongozi umetoa ruhusa ya kutumia maandishi ya tovuti yake, kwa hiyo suala limekwisha. Ilinibidi nimweleze kwamba ruhusa hiyo, hata ingekuwa imekamilika, isingeiokoa makala. Alinijibu kwa sentensi moja ambayo sijaisahau: "Sasa mnataka nini kutoka kwetu?" Swali lake lilikuwa la haki, na sisi wahariri hatujalijibu ipasavyo kwa Kiswahili kilichonyooka. Nitajaribu hapa.

Kuhusu hakimiliki, wengi wanaamini kwamba kilichowekwa wazi mtandaoni ni cha umma, na kwamba ulinzi huanza siku mtu anapoisajili kazi yake COSOTA au KECOBO, taasisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya. Sivyo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unailinda kazi tangu inapoundwa, bila sharti la usajili wala alama yoyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo ukurasa wa "Kuhusu sisi" ulioandikwa juzi na kijana wa ofisi ya uhusiano unalindwa sawasawa na diwani ya mashairi.

Kisicholindwa ni taarifa yenyewe. Kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha kikajitegemea mwaka 1970, ni jambo ambalo hakuna anayelimiliki, na yeyote anaweza kuliandika kwa maneno yake. Kinachomilikiwa ni jinsi mtu alivyolieleza: uchaguzi wa maneno, mpangilio wa sentensi, mfuatano wa hoja.

Hapo kwenye mpangilio ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wakiambiwa "usinakili" hubadilisha neno mojamoja. Tazameni mfano huu nilioutunga kwa kufuata mamia niliyoyasoma. Tovuti inasema: "Chuo chetu ni kinara wa elimu bora nchini, chenye walimu mahiri waliobobea, mazingira tulivu ya kuvutia, na wahitimu wanaogombaniwa na waajiri ndani na nje ya nchi." Mwandishi anaileta Wikipedia hivi: "Chuo hicho kinaongoza kwa elimu ya hali ya juu nchini, kina walimu hodari wenye ubobezi, mandhari ya utulivu na mvuto, na wahitimu wake wanatafutwa na waajiri wa ndani na wa nje." Mwili ni uleule, kanzu ndiyo iliyobadilishwa. Mifupa ya sentensi ya kwanza imebaki yote mahali pake, na kwa macho ya wanaoshughulikia hakimiliki bado ni kunakili.

Lakini sasa fanyeni jambo la pili. Futeni kila sifa katika sentensi hiyo, yaani kinara, bora, mahiri, tulivu, ya kuvutia, wanaogombaniwa, muone kinachobaki. Kinabaki chuo chenye walimu na wahitimu. Hakuna mwaka, hakuna mahali, hakuna idadi, hakuna aliyekianzisha. Kwa hiyo hata mwenye mali akija na ruhusa iliyotiwa muhuri, anachoturuhusu kukitumia hakina hata taarifa moja ya kumpa msomaji. Hilo ndilo nililotaka kumwambia yule mtumishi wa chuo na nikashindwa kulisema vizuri wakati ule.

Naomba kuwasilisha.

Afisa Uhusiano

Mleta uzi, asante kwa lugha ya heshima, maana mara nyingi tunaofanya kazi hii tunaitwa waharibifu. Mimi ni mwajiriwa wa taasisi ya mafunzo ya ufundi, na maandishi ya tovuti yetu niliyaandika mwenyewe. Naomba kueleweshwa mambo mawili. La kwanza, ikiwa mwenye maandishi ndiye anayeyaweka, kosa la hakimiliki linatoka wapi? La pili, kama sisi wenye taasisi tunaoijua historia yake hatutakiwi kuiandika, ataiandika nani? Magazeti huja kwetu siku ya mahafali tu.

Mleta uzi

Ndugu Afisa, maswali yako yote mawili yana uzito.

Kwanza, sisi tulio upande huu wa kioo hatuwezi kujua kwamba ni wewe. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti yenye jina la taasisi yako. Ndiyo maana uthibitisho hutumwa kwa barua pepe ya taasisi yenyewe kwenda kwa kikosi cha watu wa kujitolea wa Wikimedia (shirika linaloendesha Wikipedia) wanaopokea ruhusa, na wakiridhika huweka alama kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala. Lakini kabla ya kuituma barua hiyo, soma vizuri unachokitoa. Barua nyingi husema "tunairuhusu Wikipedia kutumia maandishi yetu", na ruhusa ya namna hiyo haipokelewi. Maandishi ya Wikipedia yanatolewa kwa leseni ya Creative Commons BY-SA, ambayo tangu mwaka 2023 ni toleo la 4.0, na leseni hiyo inampa kila mtu duniani haki ya kuyanakili, kuyabadilisha, hata kuyachapa kitabuni na kuyauza, mradi awataje waandishi na aitoe kazi yake kwa masharti yaleyale. Ukishaitoa huwezi kuirudisha. Je, mkurugenzi wako yuko tayari taasisi jirani ichukue maelezo yenu, iyageuze kidogo, iyaweke kwenye kipeperushi chake na kukiuza? Wengi wakiambiwa hivyo husita, na wana haki ya kusita.

Pili, kuwa mwajiriwa si aibu, ila ni jambo la kutajwa. Tangu mwaka 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia yanamtaka kila anayehariri kwa malipo amtaje mwajiri wake, mteja wake na uhusiano alio nao na jambo analoliandikia. Mshahara ni malipo. Andika hayo kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, kisha uyapeleke mapendekezo yako kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, ili asiye na maslahi ayapitie na kuyaingiza. Jina la akaunti liwe la mtu, lisiwe la taasisi.

Kuhusu magazeti, umegusa kidonda chetu. Nimewahi kukuta makala yenye tanbihi tano za magazeti, nikazifungua zote, nikakuta ni taarifa moja kwa vyombo vya habari iliyochapishwa mara tano bila kubadilishwa hata nukta. Hicho ni chanzo kimoja, na tena ni cha taasisi yenyewe. Hata hivyo msikate tamaa mapema. Kuna Gazeti la Serikali, kuna taarifa rasmi za mijadala ya Bunge, kuna orodha za mamlaka zinazosajili vyuo, na kuna vitabu vya historia ya misheni na ya elimu ambavyo havipo mtandaoni lakini vipo maktaba. Kitabu cha karatasi kinakubalika kama chanzo, ukikitaja na ukurasa wake.

Mfasiri

Mimi hutafsiri makala kutoka Wikipedia ya Kiingereza. Nilidhani kwa kuwa leseni ni huru basi sina deni kwa mtu. Nikisoma hapa naanza kuwa na shaka. Je, nami ninavunja hakimiliki?

Mpitiaji

Ngoja nilijibu hili, kwa kuwa nimelishughulikia mara nyingi. Una deni moja, nalo ni dogo: kuwataja waandishi. Maandishi ya Kiingereza yameandikwa na watu, na leseni yao inadai wajulikane. Deni hilo hulipwa katika muhtasari wa uhariri, pale unapohifadhi ukurasa, kwa kuandika kwamba makala imetafsiriwa kutoka makala fulani ya Kiingereza na kuweka kiungo chake, ili anayetaka majina ayapate katika historia ya ukurasa huo. Ukitumia chombo cha kutafsiria makala kilichomo ndani ya Wikipedia, maelezo hayo hujiandika yenyewe. Ukiwa umenakili na kutafsiri kwenye kompyuta yako kisha ukabandika bila neno, hujaiba kwa makusudi, lakini leseni umeivunja. Kama ulisahau, fanya uhariri mdogo leo na uutumie muhtasari wake kurekebisha. Huna haja ya kufuta chochote.

Linalonisumbua zaidi ni jambo jingine. Makala ya Kiingereza ikiwa ni tangazo, tafsiri yake nayo ni tangazo. Wikipedia ya Kiingereza ina wapitiaji wengi, kwa hiyo baada ya muda makala ile hupunguzwa au kufutwa, ilhali tafsiri ya Kiswahili inabaki kwetu miaka na miaka bila mtu kuigusa. Wafanyabiashara wa matangazo wanalijua hilo. Mnakumbuka sakata la Orangemoody la mwaka 2015? Akaunti 381 zilifungiwa na makala 210 zikafutwa katika Wikipedia ya Kiingereza. Watu wale walikuwa wakizivizia rasimu zilizokataliwa kwa sababu zilikuwa za kujitangaza, wanawafuata wenye biashara wakijifanya wahariri wazoefu, wanadai fedha ili makala irudi, kisha wanadai tena fedha za kila mwezi kwa ajili ya "kuilinda". Ndugu Afisa, mtu akikupigia simu na ahadi ya namna hiyo, usimlipe hata senti moja. Hakuna mkabidhi anayelipwa kuilinda makala yako.

Na kwa wanaotafuta kupanda katika matokeo ya utafutaji: viungo vya nje vilivyomo Wikipedia vimewekewa alama inayoiambia mitambo ya utafutaji isivihesabu, na Wikipedia ya Kiingereza ilianza kufanya hivyo mwaka 2007. Kiungo unachokisukuma kwenye makala kumi hakiipi tovuti yako faida unayoifikiria.

Mwalimu wa Sekondari

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Wikipedia yetu ilianzishwa mwaka 2003, na hadi leo wanaoihariri kwa bidii ni wachache. Nilifundisha kundi la vijana kuandika makala, na mmoja wao aliandika kuhusu mwanamuziki wa mtaani kwao. Kesho yake alikuta ukurasa umefutwa, pamoja na ujumbe wa kigezo wenye maneno makali. Hakurudi tena. Kila mkifuta mnampoteza mtu. Kwa nini msipunguze na kurekebisha badala ya kufuta?

Mleta uzi

Mwalimu, umesema kweli kuhusu yule kijana, na mimi mwenyewe nina vigezo nilivyowahi kuviacha kwenye kurasa za watu ambavyo leo ningeviandika upya. Lakini naomba tutenganishe tena yale maswali mawili, kwa sababu tiba zake hazifanani.

Maandishi yaliyonakiliwa hayawezi kusubiri. Kila toleo la ukurasa linahifadhiwa katika historia, na kila toleo linatolewa kwa ulimwengu chini ya leseni ambayo mwenye mali hakuitoa. Ukipunguza leo aya tatu ukaacha moja, hizo tatu bado zinasomeka kwa anayebofya "Tazama historia". Ndiyo maana mkabidhi hulazimika kuyaficha matoleo yenye maandishi hayo, na kama hakuna toleo safi hata moja, ukurasa wote huondoka. Huyo kijana wako, ikiwa alinakili, angeandika mistari minne kwa maneno yake mwenyewe, tungekuwa na toleo safi la kurudia.

Makala ya kujisifu isiyonakiliwa ni habari tofauti, na hapo nakubaliana nawe kabisa. Kama mhusika anastahili makala, kalamu ya kufutia sifa inatosha. Niliwahi kuikuta makala ya mhubiri iliyojaa upako, miujiza na mamilioni ya wafuasi. Nilipoondoa yasiyo na chanzo zilibaki sentensi sita, nikaiweka katika kundi la mbegu, yaani makala fupi zinazosubiri kukuzwa, na ipo hadi leo. Wanasiasa nao ni vivyo hivyo, hasa unapokaribia uchaguzi, pale "mchapakazi" na "mtetezi wa wanyonge" wanapoongezeka kila wilaya. Kwa hao ninapunguza, sifuti.

Ninachokiomba kwa wenzangu wapitiaji ni kwamba kigezo kisiende peke yake. Andika chini yake sentensi mbili zako mwenyewe: aya ipi imetoka wapi, na mtu afanye nini ili iandikwe upya. Inachukua dakika tatu.

Mpiga Picha

Niongeze la picha kwa ufupi, kwa kuwa ni kazi yangu. Kila siku naona picha zilizochukuliwa Instagram zikipakiwa kwa maelezo "kazi yangu mwenyewe". Aliyepigwa picha hawi mwenye hakimiliki kwa sababu tu sura ni yake, na aliyeitumiwa kwa WhatsApp hawi nayo pia. Msanii akitaka picha yake iwepo, amwombe mpiga picha aitoe kwa leseni huru, au ampe ndugu yake simu ampige nyingine. Leseni zinazokataza biashara hazipokelewi, hata kama zina jina la Creative Commons.

Afisa Uhusiano

Nimeyasoma yote na nimekaa nayo siku mbili. Jana nilikwenda maktaba ya mkoa, na nimejaribu kuandika upya bila kuifungua tovuti yetu. Nimeondoa jina na miaka kwa ajili ya uzi huu: "… ni chuo cha ufundi stadi kinachomilikiwa na kanisa. Kilianza kama karakana ya useremala ya misheni, kikasajiliwa na serikali kuwa chuo mwaka … Kinafundisha useremala, ushonaji, umeme wa majumbani na uashi. Karakana ya kwanza iliungua mwaka … na kujengwa upya. Ni chuo maarufu katika wilaya hiyo." Sentensi ya pili na ya nne zina chanzo, kitabu cha historia ya jimbo la kanisa. Ya tatu ina orodha ya usajili. Mkurugenzi wangu ameuliza kwa nini nimetaja moto na nimeiacha dira ya chuo.

Mleta uzi

Ndugu Afisa, nimefurahi kwa dhati kuisoma hii, na sina la kuongeza ila mambo mawili. Sentensi ya mwisho iondoe, maana "maarufu" halina chanzo na sentensi nne zilizotangulia zimekwisha kumwambia msomaji kinachostahili kujulikana. Na mweleze mkurugenzi kwamba moto ubaki. Umeandikwa kitabuni na mtu asiyelipwa na chuo, ilhali dira mmeiandika wenyewe kujielezea, na mahali pake ni kwenye tovuti yenu, ambako kiungo kimoja chini ya makala kitamfikisha anayeitaka.

Weka rasimu kwenye ukurasa wa majadiliano pamoja na namba za kurasa za kitabu, na utaje kazi yako kwenye ukurasa wako wa mtumiaji kama tulivyosema. Usiku nikipita nitaisoma, na yakiwa hivi ulivyoyaandika hapa nitayaingiza mimi mwenyewe, nikikutaja katika muhtasari wa uhariri.